Bagamoyo na watu walioibeba

Chini ya mnara wa kanisa la zamani la misheni, mwongoza watalii anasimamisha kundi lake kivulini. Anaeleza kwamba tarehe 24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliingizwa humu, ukalala usiku mmoja, kisha ukavushwa Unguja na baadaye kupelekwa Uingereza kuzikwa Westminster Abbey. Simu zinatolewa mifukoni, picha zinapigwa. Muda si mrefu kundi limehamia kwenye mbuyu wa misheni, linaonyeshwa mnyororo uliomezwa na gome.

Alichosema ni kweli. Ila kuna jambo ameliruka, nalo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Mwili ule ulifika pwani ukiwa umefungwa kama robota la nguo.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu aliokuwa akisafiri nao, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake hukohuko chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza safari ya miezi tisa. Walipoiacha Tabora nyuma na kushika njia ya pwani, wakakuta wenyeji hawataki maiti ipite katika nchi yao. Ndipo wakafanya ujanja: walifunga mabua yakafanana na maiti, wakatuma watu wajifanye wanairudisha Tabora, na mwili wenyewe wakaufunga upya kwa umbo la mzigo wa biashara. Ukabebwa mchana kweupe, na hakuna aliyeushuku.

Ujanja ule ulifaulu kwa sababu kwenye njia ile hapakuwa na kitu cha kawaida kuliko mtu mwenye robota begani.

Nikitazama jinsi Bagamoyo inavyotembezwa leo, naona minyororo, naona mapadre, naona Wajerumani. Mtu mwenye robota simwoni. Naye ndiye aliyeufanya mji uwe mji.

## Frasila mbili

Tuanze na uzito, maana uzito ndio unaoeleza mengine yote.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kilo 32 begani au kichwani. Hapo hujahesabu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, kibuyu cha maji, posho ya siku kadhaa, na mara nyingi mkuki au bunduki. Pembe kubwa ya ndovu iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikabebwa na wawili.

Kufunga robota ilikuwa kazi yenye ufundi wake. Merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani, na kaniki ya buluu iliyotoka India zilikunjwa pamoja, zikapigwa kwa nguvu mpaka zikawa gogo gumu refu, zikavishwa mkeka, zikakazwa kwa kamba ya nazi. Kisha likafungiwa vijiti vitatu kama kitanda chembamba. Vijiti vile vilizuia mzigo usipinde, na kambini robota liliegemezwa mtini bila kugusa ardhi. Robota lililolazwa chini kwenye tope lilinyonya maji, likaongezeka uzito, na kesho yake nguo za ndani zikaanza kuoza. Nguo iliyooza haikununua chakula, na msafara usio na nguo safi ulikuwa msafara wenye njaa. Shanga ziliingizwa kwenye mifuko mirefu myembamba. Masango ya waya wa shaba yalining'inizwa kwenye ncha mbili za mti, yakapimwa yasizidiane, maana upande mmoja ukilemea bega linachubuka kabla ya siku ya pili kwisha.

Mbele alitangulia kirangozi na bendera. Waliondoka alfajiri, wakapumzika kabla jua halijawa kali. Penye ukame walikwenda tirikeza: wanakunywa, wanajaza vibuyu, wanaondoka alasiri, wanalala porini pasipo maji ili asubuhi wafikie kisima kinachofuata. Ukikosea hesabu ya tirikeza watu wanatupa mizigo, na mzigo uliotupwa porini hauokotwi tena. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora kundi lililokwenda vizuri lilitumia miezi mitatu hivi. Ujiji ilikuwa mbele zaidi, na barabara yote kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika inapata kama kilomita 1,200.

Posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au nguo ya kukinunulia. Ujira ulihesabiwa kwa nguo au kwa reale, yaani sarafu za fedha, na sehemu yake ilitangulizwa kabla ya safari. Hapo ndipo wenye misafara walipolia: mpagazi aliyedhulumiwa posho au kuzidishiwa uzito aligoma, na akigoma peke yake bila mafanikio, alitoroka usiku pamoja na wenzake. Barua za wasafiri wa Kizungu zimejaa malalamiko juu ya "uvivu" huu. Ukizisoma kwa makini unaona watu wanaojua thamani ya bega lao na wanaolinda mkataba.

Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru, waliojenga sifa ya kazi hii kwa vizazi. Kwa kijana wa Unyamwezi kufika pwani na kurudi kulimpa heshima ya utu uzima. Wanawake nao walikuwamo, wakibeba vyombo na chakula, wakipika, wengine wakichukua mizigo kwa ujira. Hata katika msafara ulioleta mwili wa Livingstone alikuwamo Halima, mpishi.

Maelfu waliteremka Bagamoyo kila msimu. Walihitaji kulala, kula, kunywa, kununua, kutibiwa, kucheza ngoma. Samaki wakavu, muhogo, nazi, vyungu, mikeka: mji ulipata riziki kwa kuwahudumia. Nyumba za mawe za Mtaa wa India zilijengwa kwa faida ya pembe, na pembe hazikujileta.

## Handaki lisilohitajika

Ngome Kongwe inasimuliwa hivi: watumwa walifungiwa humu, wakapitishwa kwenye handaki chini ya ardhi mpaka ufukweni, wakapakiwa majahazi usiku wasionekane. Wageni wanapenda sana kisa hiki. Kinatisha, na kinatoshea kwenye dakika kumi.

Lakini kiulize swali moja. Kwa nini wafichwe?

Mpaka 1873 biashara ya watumwa kutoka mrima, yaani pwani ya bara, kwenda Unguja ilikuwa halali kwa sheria ya Sultani. Mikataba ya 1822 na 1845 ilizuia kuwauza nje ya himaya yake ya Afrika. Unguja na Pemba zilikuwa ndani. Mfanyabiashara hakuhitaji handaki kwa bidhaa ambayo serikali ilitoza ushuru. Watu wale walipita barabarani, mchana, mbele ya macho ya kila mtu, na hilo naliona kuwa la kutisha kuliko handaki lolote. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa Juni 1873 na soko la Unguja likafungwa, magendo yalitafuta vijito na fukwe za mbali. Mji wenye liwali, forodha na misheni ya Wafaransa haukuwa mahali pa kujificha. Jengo lenyewe, kwa asili, ni nyumba ya tajiri wa Kiarabu iliyojengwa karibu na 1860, ikaimarishwa baadaye na Barghash, ikawa kambi ya Wajerumani, kisha gereza la Waingereza.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Kusema kwamba Bagamoyo ilikuwa kwanza mji wa pembe na wapagazi, na kwamba bandari kubwa ya kusafirisha watumwa ilikuwa Kilwa, kunaweza kusikika kama kuupunguza utumwa. Wapo watakaofurahi kusikia hivyo, kwa sababu zao. Sitaki kuwapa silaha. Utumwa ulikuwapo Bagamoyo, nao ulikuwa mkatili. Watu waliteremshwa na misafara wakiwa wamefungwa. Wengine walivushwa, wengine wakabaki hapahapa wakilima mashamba ya minazi ya mabwana wa mji.

Kilichonifungua ni kutambua kwamba watumwa na wapagazi hawakuishi katika dunia mbili. Bwana wa pwani alimkodisha mtumwa wake kwenye msafara, naye akabeba frasila mbili zilezile, kando ya Mnyamwezi huru, akirudi akimpa bwana sehemu ya ujira. Mzigo mmoja, njia moja, hali mbili za maisha. Mwongozaji anayewaacha wapagazi hawezi kueleza utumwa wa Bagamoyo sawasawa, kwa sababu anawaonyesha watu kama shehena tu, waliofungwa, wasio na neno. Walikuwamo waliojadiliana, waliotoroka, walionunua uhuru wao kwa akiba ya safari.

Misheni nayo isimuliwe hivyo, kwa ukamilifu wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua kituo Bagamoyo mwaka 1868 kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Majid. Katika miaka ya mwanzo waliwanunua watoto kwenye soko la watumwa Unguja. Baadaye walipokea waliookolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Waliokua wakaozeshwa na kupewa makao katika kijiji cha uhuru. Waliepushwa na soko, jambo ambalo hakuna wa kulibeza. Pia waliishi kwa kengele: sala, shule, shamba, sala. Minazi na vanila ya misheni ililimwa kwa mikono yao. Wapo waliokaa na wapo walioondoka bila kuaga. Kuondoka kwao ni sehemu ya historia ya uhuru, na kwenye kijiji kile hakuna mahali pafaapo zaidi pa kulisema.

## Makaburi yenye ukuta na jiwe lisilo na majina

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake kwenye miji ya mrima. Mwezi uliofuata pwani ilikuwa imewaka. Tumezoea kusema "vita vya Abushiri", na Abushiri bin Salim alikuwa kiongozi kweli, lakini Bagamoyo waliinuka Waswahili wa mji, Wazaramo wa mashambani na wapagazi waliokuwa mjini msimu ule. Kaskazini, Saadani, Bwana Heri aliendesha vita vyake mwenyewe. Mabaharia wa manowari ya Kijerumani Leipzig walishuka pwani, na sehemu ya mji ikaharibiwa.

Bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2 mapema 1889, kwa maelezo kwamba ni za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda masilahi ya Wajerumani. Hermann Wissmann, aliyetumwa kuongoza vita hivyo, akaajiri askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji, akaivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo.

Halafu utumwa uliodaiwa kuwa sababu ya vita ukaendelea kuwa halali chini ya Wajerumani. Walitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, wakaishia hapo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Sentensi hii moja ingetosha kubadilisha ziara nzima ya Boma, jengo la utawala la Wajerumani, na ni nadra kuisikia.

Karibu na ufukwe, upande wa kuelekea misheni, yapo makaburi ya askari wa Kijerumani waliokufa miaka ile. Yana ukuta wake wa mawe na majina yao. Si mbali na hapo kuna jiwe la ukumbusho mahali waliponyongwa Waafrika waliopinga utawala ule. Limeandikwa kwamba walinyongwa hapo. Majina hakuna.

Sidai makaburi yale yaondolewe. Wafu wana haki ya kaburi. Nadai mwongozaji asimame kwenye jiwe muda uleule anaosimama kwenye makaburi, aeleze kwa nini upande mmoja una orodha na mwingine hauna. Jeshi lilikuwa na makarani. Waliouawa waliandikwa na waliowaua, kama waliandikwa kabisa.

## Kina cha maji kiliamua

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya mwanzo ya Wajerumani, na mwaka 1891 serikali ikahamia Dar es Salaam. Sababu unaiona kwa macho ukisimama ufukweni maji yakitoka: mchanga unaendelea mpaka mbali. Kwa jahazi hilo ni neema. Linaingia maji yakijaa, linakaa juu ya mchanga maji yakitoka, linapakuliwa kwa mabega. Meli ya moshi inalazimika kutia nanga nje kabisa na kushusha shehena kwa mashua. Dar es Salaam ina bandari ya asili yenye kina.

Mambo kama hayo yalikuwa yamempata jirani. Kaole, kilomita 5 kusini, ilistawi tangu karne ya 13, na leo mbele yake ni mikoko.

Boma kubwa lilijengwa Bagamoyo 1895 hadi 1897, mji ukiwa umeshapoteza hadhi lakini misafara bado ipo. Reli ndiyo iliyoikata. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Piga hesabu: behewa la tani 10 linabeba mizigo ya wapagazi zaidi ya 300, bila posho, bila tirikeza. Kazi ya vizazi ikaisha ndani ya miaka kumi.

Mji uliopoteza fedha hauvunji nyumba zake kujenga ghorofa. Ndiyo maana Mtaa wa India bado tunao. Na mji usio na fedha hauzikarabati pia.

## Saruji inavyoua ukuta

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo urithi wa Bagamoyo unapopotea kila masika, na watu wenye nia njema wamo miongoni mwa wanaoupoteza.

Ukuta wa nyumba ya zamani ya pwani ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na mchanga, unene wa sentimita 50 hivi. Sakafu ya juu na dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba: mita mbili na nusu, ikizidi sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Majengo ya Wajerumani yaliongeza vyuma. Chuma karibu na bahari kinashika kutu, kutu inavimba, na jiwe linapasuka kutoka ndani.

Ukuta wa matumbawe unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, unafika usoni, unakauka. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo chumvi inakula chokaa, na kila baada ya miaka michache unapiga chokaa upya. Huo ndio utunzaji wenyewe.

Fundi anayekuja na saruji anafunga njia hiyo. Unyevu unakwama nyuma ya plasta, chumvi inaganda humo na kulisaga jiwe likawa unga. Kwa miaka michache ukuta unapendeza. Kisha plasta inaanguka bamba zima, ikiondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba anaita saruji nyingine, na safari hii fundi anaweka nzito zaidi.

Dawa yake si siri. Saruji ing'olewe taratibu kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutetemesha inalegeza mawe ya ndani. Ukuta uachwe wazi wiki kadhaa ukauke, na chumvi inayotoka ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Chokaa iliyochomwa kwa matumbawe izimwe kwa maji na ikae chini ya maji kwa wiki nyingi kabla ya kutumika, maana vipande visivyozimika vizuri vitavimba vikiwa ukutani na kuacha mashimo kama ndui. Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa mtoni au uliooshwa, kamwe si wa ufukweni, la sivyo umetia chumvi kwa mkono wako. Plasta ipigwe kwa matabaka membamba, sentimita moja au moja na nusu, kila tabaka likinyunyiziwa maji siku kadhaa na kukingwa jua. Chokaa inashika polepole kwa kuvuta hewa; ikikaushwa haraka inabaki vumbi.

Paa ndilo la kuanza nalo kabla ya yote. Paa likivuja, maji yanafuata ukuta mpaka kwenye ncha za boriti zilizozikwa ndani ya mawe, na ncha hizo zinaoza bila kuonekana. Sakafu inaporomoka. Ikiporomoka, ukuta umepoteza kishikizo chake, unatoka nje kidogo kidogo, na mvua kubwa moja inaumalizia. Nao ndege wanaacha mbegu za mitini kwenye nyufa. Mche wa urefu wa kiganja ung'olewe leo, kwa sababu ukifika unene wa mkono huwezi tena kuung'oa bila kubomoa.

Boriti zina tatizo lao. Misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi na uvunaji unataka kibali, jambo ninaloliunga mkono kabisa. Mradi wa ukarabati usiopanga boriti zake mapema, kwa kibali na kwa hesabu ya korija (boriti ishirini ishirini), unaishia kununua mbao laini dukani, na mchwa wa Bagamoyo hawana subira.

Fedha za wageni zingeweza kufanya kazi hii. Mabati ya nyumba moja, tanuri la chokaa, mafundi wawili wanaolipwa mwaka mzima wakizunguka na ngazi: huo ni utalii unaojirudishia. Mara nyingi fedha zikipatikana huenda kwenye bango jipya.

## Anzia Karavanserai

Ziara nyingi huanzia misheni kwa sababu ndipo penye kivuli na makumbusho, au Boma kwa sababu ndipo gari linapoegeshwa. Mimi ningeigeuza.

Anza saa 2 asubuhi Karavanserai, kwenye uwanja wenye vyumba pembeni, mahali pa misafara kupumzika na kupanga mizigo. Eleza hapo robota, frasila na posho. Kisha teremka ufukweni hadi Forodhani, soko la samaki likiwa limechangamka, ukiifuata kwa mawazo safari ya pembe moja ya ndovu: imepokelewa wapi, imepimwa na nani, imelipiwa nini. Mtaa wa India uje sasa, ukimtaja Sewa Haji Paroo, mzaliwa wa Bagamoyo aliyekuwa msambazaji mkubwa wa bidhaa na wapagazi kwa misafara, na aliyetoa jengo la shule kwa sharti kwamba wasome watoto wa rangi zote. Wadi ya Sewa Haji pale Muhimbili inatokana na jina lake. Tazama milango: miimo, kizingiti, mfaa wa katikati. Liku, jengo la mwanzo la utawala wa Wajerumani, na Ngome ziko karibu, hazihitaji zaidi ya nusu saa pamoja na swali la handaki.

Waongozaji hupenda kusimulia jinsi Emin Pasha, gavana wa Equatoria huko Sudan ambaye msafara wa Henry Stanley ulikwenda kumwokoa, alivyoanguka kutoka ghorofani kwenye karamu ya Wajerumani, Desemba 1889, alipofika na Stanley. Wasimulie, ni kweli. Waongeze kwamba mamia ya wapagazi wa msafara ule wa Stanley walikuwa wamekufa njiani kabla ya karamu hiyo.

Boma, makaburi, jiwe la walionyongwa, halafu misheni mwisho, kilomita mbili hivi kwa miguu na jua likiwa limepanda, kwa hiyo maji ya kunywa yasisahaulike. Mgeni akifika chini ya mnara wa 1872 baada ya njia hiyo, ataelewa mwenyewe ni watu gani walioingia pale na mwili.

Kaole ipewe asubuhi yake. Makaburi yale ya nguzo, na misikiti iliyosimama pwani hii karne nyingi kabla ya Boma, hayastahili kubanwa kwenye nusu saa ya mwisho kabla ya kurudi Dar.

Tanzania imeiweka njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, kwa jina la njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Maandishi ya urithi huo yakipitiwa tena, wapagazi waingizwe kwa kazi yao, pamoja na kambi zao na visima vyao vya tirikeza, kabla mashamba na barabara havijavifuta.

Na kuna jambo moja linaloweza kufanyika bila kusubiri mtu. Karavanserai ifunge robota. Merikani ya dukani, mkeka wa ukili, kamba ya nazi, vijiti vitatu, mpaka mizani isome kilo 32. Liwekwe kwenye kizimba cha mbao cha kimo cha kiuno, ili mtu alitwae bila kuumiza mgongo, na mkeka wake ubadilishwe kila baada ya masika kwa sababu ya mchwa. Lisiwekwe nyuma ya kioo. Kila mgeni, wa Kitanzania na wa nje, alitie begani na atembee nalo kuzunguka uwanja kabla hajaonyeshwa kitu kingine.